Mabango Mawili kwenye Mashine ya Alizeti

Mkono wangu wa kulia ulikatika chini kidogo ya kiwiko, mwezi wa saba, kwenye mashine ya kukamulia alizeti hapa Issuna. Walionikata ni wanne, na mimi mwenyewe ni wa tano. Majina sitaandika. Kijiji chetu ni kidogo, ukisema mwenye mashine kila mtu anamjua, ukisema fundi wa mashine kila mtu anamjua, na wao wanajijua kuliko wote. Nawataja kwa shughuli zao: mwenye mashine, mwanawe aliyesoma, fundi, na mama mmoja mteja aliyeleta magunia mawili siku ile.

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nimejifunza ukubwani, naingia hamsini. Darasa la saba nilimaliza kwa mkono wa kulia na shule yangu iliishia hapo, kwa hiyo anayesoma asitafute ufundi. Watu wananiuliza kama panauma. Hapaumi. Kuna siku natamani paume. Nipo kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi, ila kwangu ni mwili mzima.

Ninachotaka kuandika ni habari ya maneno mawili ya Kiingereza. Kiingereza sikijui. Lakini haya mawili nayajua, kwa sababu moja lilitolewa kwenye mashine likawekwa jingine, na baadaye ikaletwa karatasi nyumbani kwangu, nitie dole kwamba lile la pili lilikuwa linatosha.

Mashine ililetwa kutoka mjini juu ya fuso, mpya, ya kijani. Mdomo wa juu unaomiminiwa mbegu, sisi tunauita hopa, ulikuwa na kava ya nondo nyembamba zilizopishana kama wavu. Mbegu zinapita, mkono haupiti. Ubavuni mwa hopa kulikuwa na kibati chekundu chenye fuvu la mtu na mifupa miwili, na chini yake maandishi: DANGER. Nilisoma kama nilivyofundishwa kusoma, da-nge-ri. Mwana wa mwenye mashine, alikuwa karudi kutoka chuo, akacheka mpaka akashika mlango.

"Denja, mama. Inasomwa denja."

"Maana yake?"

"Hatari."

Fuvu nilikuwa nimeshalielewa bila yeye. Liko kwenye nguzo za umeme, liko kwenye chupa za dawa ya wadudu. Na hizo chupa ndizo zilizoleta maneno. Kwetu fuvu likiwa kwenye nguzo, unapita mbali. Likiwa kwenye chupa, kilichomo ndani ni sumu. Sasa hapa liko kwenye kitu kinachotoa mafuta ya kupikia. Wiki ya kwanza mama mmoja alitua debe lake, akaliona, akalitwika tena.

"Hapa mnakamua mafuta au mnakamua dawa ya pamba?"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mashine ya zamani, na mwanamke aliyekuwa akipima mbegu pale alikuwa na mdomo. Akiona mtu anakuja kwetu anapaza sauti: "Haya, nendeni kwenye mafuta ya fuvu! Ukimpikia mumeo mlenda unaamka mjane!" Wanawake wanacheka, wanavuka barabara na magunia yao. Mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwenye hopa yetu, nimejifunga kitenge, nasubiri watu wasiokuja.

Nikamfuata mwenye mashine dukani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Lile fuvu linafukuza watu."

"Limekuja na mashine."

"Liondoe, mzee. Wanasema mafuta yetu ni sumu."

Nilisema hivyo, liondoe. Sikutumwa na mtu. Ndiyo maana nikasema wa tano ni mimi.

Mwanawe ndiye aliyeshughulika. Alikwenda mjini, akarudi na bango la njano la plastiki, halina fuvu, halina mfupa, lina alama ya mshangao ndani ya pembetatu na neno moja: CAUTION. Kibati chekundu kikang'olewa kwa bisibisi, la njano likapigwa ribiti palepale.

"Hili nalo linasemaje?" nikauliza.

"Kosheni."

"Ndiyo nini?"

"Ni lile lile, mama. Ila hili lina adabu."

Tulicheka wote. Baba yake alicheka, fundi alicheka, mimi nilicheka. Likakaa kwenye mashine, karibu na kichwa changu, misimu miwili. Nililiangalia kila siku kama mtu anavyoangalia kalenda ya mwaka jana. Wateja wakarudi. Yule wa ng'ambo akatafuta tusi jingine.

Kava ya nondo ilitoka baadaye, mwanzoni mwa msimu wa pili, na haikutoka kwa sababu ya mabango. Binti wa mwenye mashine alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, na zikachinjwa mbuzi nyingi kuliko majiko yaliyokuwepo. Fundi akasema kuna wavu mzuri pale mashineni. Akaukata kwa grenda, akauweka juu ya matofali, nyama ikachomwa. Nilikula. Nilipewa ubavu na kipande cha ini, nikala nikashiba. Kesho yake wavu ulirudi mweusi una mafuta, ukasimamishwa ukutani nyuma ya mashine. Nikamwambia fundi, "Mbona hujaurudisha?"

"Nitauchomelea wiki ijayo, mama. Kwanza ule ulikuwa unazuia takataka, mnanisumbua kila saa imeziba, imeziba. Hata nyie mtapumua."

Ni kweli tulipumua. Kazi ilikwenda haraka. Wiki ijayo yake haikufika.

Sasa lazima nieleze tunavyokamua, maana mtu wa mbali atasema huyu mama alitia mkono kwenye mashine inayozunguka, alikuwa na akili kweli? Akili nilikuwa nayo. Kwetu mtu akileta alizeti yake anataka mafuta ya alizeti yake. Hataki ya jirani. Jirani yake kavuna mbegu nyepesi, ganda tupu, yeye kavuna nzito, hawezi kukubali zichanganyike. Kwa hiyo kati ya mteja na mteja hopa lazima iwe safi, punje ya mwisho iingie kwa mwenyewe. Na mashine huwezi kuizima kila mteja akiisha. Ukiizima, mashudu yaliyomo ndani yanaganda kama saruji, fundi aje afungue nusu siku, watu wamesimama juani. Kwa hiyo unakusanya punje kwa mkono, mashine inatembea, unazisukumia katikati, skrubu inazivuta. Kabla ya hapo tulikuwa tunazisukuma kwa kijiti kupitia kwenye kava. Kava ilipotoka, kijiti kikaonekana uvivu. Hakuna aliyesema tumieni mkono. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nilikuwa nasifiwa kwa hilo. Wanawake walikuwa wakisema yule mama haibi punje. Wengine walikuwa wakipanga foleni zamu yangu.

Siku ile ilikuwa kama saa tano asubuhi, upepo wa mwezi wa saba unapiga mabati. Mama wa magunia mawili alikuwa wa mwisho kabla ya mapumziko. Magunia yakaisha. Nikasukumia punje, nikapangusa, nikamwambia, "Tayari, kinga dumu lako, yanamalizikia."

Akachungulia hopa. Akanyoosha kidole.

"Zangu bado zimo. Pale kwenye kona."

Zilikuwa punje kama kiganja cha mtoto. Ningeweza kumwambia hizo ni za mashine. Yule wa ng'ambo angesema hivyo. Nikaingiza mkono. Mkono wa sweta ndio ulioshikwa kwanza. Sikusikia maumivu, nilisikia kuvutwa, kama mtu ananiita ndani kwa haraka. Fundi alikuwa nje anaongea na simu. Aliyezima swichi ni mteja mmoja mzee, na mpaka anaiona swichi ilipo, kazi ilikuwa imekwisha.

Yule mama wa magunia mawili alipiga yowe. Baadaye niliambiwa alirudi jioni kuchukua dumu lake. Mafuta alikuta mengine yamemwagwa, mengine yamo. Aliyachukua yaliyomo. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kidole.

Nilipelekwa kwa gari la vitunguu lililokuwa linaelekea mjini, nimefungwa kitenge changu mwenyewe. Hospitali walimalizia pale mashine ilipoachia. Nikakaa wodini siku nyingi. Mwenye mashine alikuja mara moja na maji ya chupa katoni nzima na nanasi. Akasema pole sana, ni mipango ya Mungu. Fundi hakuja. Mwana wa mwenye mashine alituma salamu kupitia baba yake.

Sikulia. Manesi walisema analia kwa ndani huyu. Sikuwa nalia kwa ndani. Ndani palikuwa kimya.

Siku moja asubuhi dada wa usafi alipita na ndoo na mopu, akadeki njia kati ya vitanda, halafu akasimamisha katikati kibao cha njano cha plastiki, kile kinachokaa kama hema. Nikakiangalia. Herufi ya kwanza ilikuwa kama ndoana iliyolala. Nilikuwa nimekaa nayo misimu miwili, siwezi kuisahau.

"Dada, hicho kibao kinasemaje?"

"Kinasema sakafu imelowa, usije ukateleza."

"Hilo neno kubwa la juu."

"Kosheni. Si uangalie tu, mama."

Nikamwomba arudie. Akarudia, akaenda zake. Nikakaa naangalia kile kibao mpaka maji yakakauka na yeye akaja kukichukua.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alikuwepo bibi mmoja, mwalimu mstaafu, alifundisha Kiingereza sekondari miaka yake yote. Alikuwa amevunjika nyonga. Alikuwa mkali, manesi walimwogopa. Nikamwamkia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Leo umeamua kuongea?"

"Nina swali. Kosheni na denja ni kitu kimoja?"

"Nani kakwambia ni kitu kimoja?"

"Mtu wa chuo. Alirudi na cheti."

"Basi alipewa cheti, Kiingereza wakabaki nacho wenyewe." Akajivuta juu ya mto. Nilimwona amefurahi, kama mtu aliyeletewa daftari la kusahihisha baada ya miaka. "Sikiliza. Denja ni hatari. Kosheni ni tahadhari. Ni ndugu, lakini hawalali nyumba moja. Hatari iko kwenye kitu. Uwepo usiwepo, usome usisome, hatari ipo pale pale. Nyoka akiwa shimoni ni hatari hata kama kijiji kizima kimelala. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Tahadhari haiko kwenye kitu. Iko kwa mtu. Shimo halina tahadhari, nyoka hana tahadhari. Mwenye tahadhari ni wewe unayepita. Kwa hiyo bango la denja linasemea kitu: hiki hapa kinaua. La kosheni linakusemea wewe: jiangalie."

"Na yanawekwa wapi?"

"Wenye viwanda wameyapanga, hawabandiki ovyo. Denja inakaa pale ambapo ukikosea mara moja umekufa au umekatika. Transfoma, msumeno. Kosheni inakaa pale ambapo ukikosea utachubuka, utateleza, chai itakuunguza mdomo." Akaangalia mguu wake uliofungwa. "Mimi niliteleza bafuni kwangu. Mimi kosheni ingenifaa."

Alicheka peke yake. Kisha akaniuliza mashine yetu ilikuwa na lipi. Nikamwambia lilikuwepo hili, likatolewa, likawekwa hili. Hakucheka tena.

"Mtu akiondoa hatari akaweka tahadhari," akasema, "mashine hajaigusa. Amehamisha mzigo tu. Ameutoa kwenye chuma, amekutwisha wewe. Siku utakayoumia, maswali yataanza na wewe."

Nilifikiria jinsi mama yangu alivyotulea. Mtoto akisogelea moto, mama hakuwa na neno lolote kati ya haya mawili, wala kwa Kinyaturu wala kwa Kiswahili. Alikuwa anapiga kelele na kumvuta. Nikafikiria hilo, nikageuka ukutani, nikalala.

Maneno ya mwalimu yalitimia nikiwa nimerudi nyumbani wiki ya tatu. Mwenyekiti wa kijiji alikuja mchana na karatasi iliyochapwa, amefuatana na mdogo wangu wa kike. Nieleze kuhusu mdogo wangu. Ana watoto watatu, mumewe aliondoka kwenda machimbo na hakurudi. Siku ya kumi baada ya mimi kukatika, mwenye mashine alimwita akashike nafasi yangu. Alikubali. Niliporudi nilikwenda siku moja mpaka mlangoni, sikuingia. Nikamwona ameinama juu ya hopa, mkono umezama mpaka kwapani, anapangusa kona. Amevaa sweta. Wavu umesimama ukutani nyuma yake.

Karatasi ilisema hivi, mwenyekiti aliisoma: mimi fulani nilionywa kwa bango la tahadhari lililobandikwa mahali pa wazi, nikaingiza mkono kwa uzembe wangu mwenyewe. Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Alhamisi. Akikuta nimetia dole, anaandika uzembe wa mfanyakazi, anaondoka, mashine inaendelea ilivyo. Ilivyo maana yake bila kava. Hakuna aliyenificha hilo.

"Mama, sisi ni wamoja," akasema mwenyekiti. "Mambo ya nyumbani yaishie nyumbani."

"Dada, tia dole tupone," akasema mdogo wangu.

"Tupone nini?"

"Mashine ikifungwa mimi nakula nini? Wewe ulishakatika. Mkono haurudi kwa wino."

"Na wako?"

"Wangu nauangalia."

"Hata mimi nilikuwa nauangalia."

"Wewe ulikuwa unataka sifa!" akasema. "Mama haibi punje, mama haibi punje. Mimi sitaki sifa. Mimi nataka unga."

Mwenyekiti aliangalia chini. Nikawaambia waiache karatasi mezani. Wakaiacha. Mdogo wangu alirudi mlangoni akaniambia kwa Kinyaturu, maneno ambayo hatusemezani wakiwepo watu, kwamba tangu utotoni mimi ndiye ninayeharibu. Akaondoka kwenda zamu ya mchana.

Siku mbili zile kabla ya Alhamisi karatasi ilikaa mezani bila dole, na sikufikiria haki. Watu wakisikia habari hii wanadhani niliwaka. Sikuwaka. Nilikuwa nafikiria kona ya hopa na sweta ya mdogo wangu, naona tu, kama picha ukutani. Na nilikuwa najua mwenye mashine ana neno moja mfukoni la kunimaliza. Lile la mimi kusema liondoe.

Alhamisi mkaguzi alikuja. Alikuwa msichana, umri wa kuwa mwanangu, suruali nyeusi na viatu vya kufunga. Aliniamkia shikamoo mbele ya wote, kabla ya kumwamkia mwenye mashine, na hilo liliwakaa vibaya. Viti vililetwa chini ya bati. Mwenye mashine, mwanawe, fundi, mwenyekiti, mimi. Mdogo wangu alisimama karibu na mashine iliyozimwa, amekunja mikono.

Mwanawe aliyesoma ndiye aliyeongea kwanza, akaonyesha bango la njano kwa kalamu, kama mwalimu. "Onyo lipo, afisa. Liko wazi, lugha ya kimataifa."

Mkaguzi akanigeukia. "Mama, ulikuwa unalielewa hili bango?"

"Niliambiwa ni lile lile."

"Lile lipi?"

"Lile jekundu lenye fuvu. Denja. Lilitolewa likawekwa hili kosheni. Denja ilikuwa inaisema mashine. Hili linanisema mimi. Hili nimelikuta hospitali, wanaliweka kwenye sakafu iliyodekiwa."

Fundi alikohoa. Mkaguzi alinitazama, halafu akamtazama kijana wa chuo. Kijana akaangalia kalamu yake.

Hapo ndipo mwenye mashine alipotoa lile la mfukoni. Hakupaza sauti, yeye si mtu wa kupaza sauti.

"Afisa, muulize huyu mama ni nani alisema fuvu liondolewe. Alikuja dukani kwangu kwa miguu yake. Mimi bango lile nilikuwa nalo, nilitaka libaki. Yeye ndiye kasema liondoe."

Mwenyekiti akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa.

"Ni kweli, mama?" mkaguzi akauliza.

Ningeweza kukana. Hapakuwa na shahidi siku ile dukani. Lakini nilikuwa nimechoka, na uongo nao unahitaji nguvu.

"Ni kweli. Nilisema liondoe. Wateja walikuwa wanasema mafuta ni sumu. Nilisema liondoe fuvu." Nikanyoosha mkono nilionao. "Kava sikusema. Kava aliitoa fundi huyu, akachomee nyama kwenye sherehe ya binti wa mzee. Nyama nilikula. Kava ile pale ukutani, bado ina masizi."

Wote wakageuka. Ilikuwepo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefikiria kuiondoa, walikuwa wameizoea.

"Fundi," akasema mkaguzi, "ni kweli?"

"Nilikuwa niirudishe, afisa. Kazi zilibana."

"Misimu mingapi?"

"Mmoja. Na kidogo."

Mkaguzi alikwenda akaishika ile kava, akanusa vidole vyake, akarudi. Akaandika muda mrefu juu ya goti. Kisha akasoma kwa sauti. Alisoma kwamba mashine iliendeshwa bila kava kwa kosa la mwenye mashine na fundi wake. Kwamba bango la hatari lilibadilishwa kwa lisilostahili. Halafu akasoma mstari wa mwisho: kwamba mfanyakazi naye hakuchukua tahadhari.

"Huo mstari lazima uwepo, mama," akasema, kwa upole. "Mkono uliuingiza wewe. Nikiuacha, watanirudishia ripoti yote. Utakubali?"

Mwalimu angeukataa. Mimi niliuangalia ule mstari kwenye karatasi yake, ulikuwa mfupi. Nikamwangalia mdogo wangu.

"Kava itarudi lini?"

"Ninawapa siku kumi na nne, mashine ikiwa imefungwa."

"Dada!" mdogo wangu akasema.

"Leo," nikasema. "Mwambie aichomelee leo, nione, na watu wakamue kesho. Huo mstari wako nitautia dole."

Mkaguzi akasema sheria haikai hivyo. Mwenye mashine akasema hata sasa hivi inawezekana. Wakabishana, mwenyekiti akaingilia. Mwishowe mkaguzi akasema kama itachomelewa mbele ya macho yake, ikakaguliwa, hatafunga. Mwenye mashine akamwambia fundi, "Umesikia? Simama."

Fundi alileta mashine ya kuchomelea. Alisugua masizi kwa brashi ya waya, akapanda juu ya hopa, akaweka wavu mahali pake. Nilivuta kiti karibu. Nilitaka kuona kila nondo inavyoshika. Aliposhusha miwani yake alinigeukia, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniangalia usoni tangu siku ile.

"Mama, usiangalie huu moto," akasema. "Utaharibu macho."

Nikageuza uso. Niliusikia tu, ule mlio wa kukaanga, mara sita, mara saba. Alipomaliza nikapanda kwenye kreti, nikashika wavu kwa mkono wa kushoto, nikautikisa. Nikausukuma. Nikajaribu kupitisha vidole, vikaishia kwenye fundo la kwanza. Ulikuwa bado una moto kidogo. Mdogo wangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, ananuka mashudu. Hajasema nami tangu siku hiyo, watoto wake ndio wanaoleta salamu.

Mkaguzi akaniletea karatasi na kidau cha wino. Nikatia dole gumba, la kushoto, palepale chini ya mstari wa mwisho. Wino ulikuwa wa bluu. Nikaomba kitambaa, hakikuwepo, nikajipangusia kitenge, nikaenda nyumbani.